Kabla Hujazungushia Saipresi Shamba Lako

Tangu mvua zianze nimeulizwa swali moja na vijana wanne tofauti, wote wa ukanda wetu huu wa kuanzia Ngaramtoni mpaka Usa River. Linakuja hivi: "Bwana shamba, nataka ua wa miti inayokua haraka, ya kijani mwaka mzima, mtu wa barabarani asione ndani. Nichukue saipresi au kuna kingine?" Wote wanne wana maeneo madogo, robo ekari hadi nusu. Wanalima nyanya, hoho na mboga za majani za kupeleka sokoni. Mmoja ana kitalu nyumba.

Msimamo wangu nautoa mapema, ili mwenye haraka aondoke nao. Kama ndani ya huo ua unalima cha kuuza, na eneo halifiki ekari moja, usizungushie saipresi. Wala ndugu zake, yaani zile tuja za rangi ya dhahabu na jamii nyingine za misonobari zinazouzwa kando ya barabara kwa sifa moja tu, kwamba zinawahi. Mwenye nyumba ya kuishi kule Njiro, asiye na hata tuta la mchicha, mambo yake ni tofauti na nitayagusa mwishoni.

Naelewa kabisa kwa nini mti huu unawavutia watu. Miche yake ipo kila kona, bei yake si ya kutisha, na hali ya hewa yetu unaipenda. Asili yake ni milima ya Mexico na Amerika ya Kati, kwa hiyo ukiuleta kwenye udongo wa volkano wa Meru, mita 1,400 na kupanda juu, unajiona uko kwao. Serikali yenyewe imeupanda kwa miaka mingi kwenye mashamba ya miti, likiwemo Shamba la Miti Meru/Usa lililo chini ya TFS. Kwa hiyo ukiambiwa unakua haraka hujadanganywa. Unakua kweli. Swali ambalo watu hawaulizi ni: unakua kwa kula nini?

Tupige hesabu. Robo ekari ni kama mita za mraba 1,012. Chukulia shamba lako ni mraba, kila upande mita 32 hivi, mzunguko wote mita 127. Ukipanda mche kila sentimita 75 unahitaji miche kama 170. Hiyo ndiyo gharama unayoiona, na vijana wengi wanaishia hapo. Usiyoiona ni kwamba ua wa saipresi uliokomaa, hata ukitunzwa vizuri, unakula walau mita 2 kuingia ndani. Hapo nimejumlisha unene wa ua wenyewe na ule ukanda wa pembeni ambao mazao yanadumaa. Toa mita 2 kila upande, unabaki na mraba usiofika hata mita 28 kwa 28, yaani mita za mraba 770 na ushee. Karibu 240 zimeondoka. Ni karibu robo ya shamba lako! Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, pale palikuwa pa kukaa mashina zaidi ya 600 ya nyanya.

Na hizo mita 2 nimekuwa mpole. Ukifika mita 3, theluthi ya shamba imekwenda. Sasa angalia mwenye eneo kubwa: kwa ekari moja, hesabu ileile ya mita 2 inachukua asilimia 12 hivi, na kwa ekari 10 ni asilimia 4, hata haimuumi. Ndiyo maana ukiona mashamba makubwa ya zamani yamezungushiwa safu ndefu za saipresi, usiige tu. Wale walikuwa na ardhi ya kuchezea. Wewe huna.

Kuna maneno yanazunguka kwamba majani ya saipresi yana sumu, ndiyo maana chini yake hakuoti kitu. Mimi siweki uzito sana hapo. Sababu kubwa unaweza kuiona kwa macho bila maabara. Nenda kwenye ua wa jirani wenye miaka kama sita, rudi nyuma mita 2, chimba kina cha jembe moja. Utakutana na nyuzinyuzi za mizizi kama mkeka. Mizizi yake mingi inayofyonza iko juu juu, palepale ambapo mizizi ya nyanya na hoho inatafuta chakula. Ukiweka matone pembezoni mwa shamba, unanyweshea ua. Ukimwaga samadi, unalisha ua. Na ua haukatwi Oktoba ukapelekwa Kilombero sokoni.

Kwenye maji hapo ndipo ninapokuwa mkali zaidi, kwa sababu maji ya Meru si mengi tena kama wazee wanavyosimulia. Mnaochota kwenye mifereji ya Nduruma na Themi mnajua zamu zilivyo. Kijana anakaa macho usiku kusubiri zamu yake ya maji, halafu sehemu ya maji yale inaishia kwenye ukuta wa miti usio na senti hata moja. Upande wa Kisongo na Oldonyosambu ambako mlima unazuia mvua, ni mbaya zaidi.

Jua nalo. Sisi tuko digrii 3 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana jua linakuwa karibu na utosi na kivuli cha ua ni kifupi. Watu wanaangalia saa sita mchana wanasema, mbona hakuna kivuli. Angalia saa 2:30 asubuhi. Muda huo kivuli cha kitu kinakaribia mara mbili ya urefu wake. Ua wa mita 4 upande wa mashariki unatupa kivuli cha mita 8 kuingia shambani, na wa upande wa magharibi unafanya vilevile kuanzia kama saa 10:30 jioni. Kwa shamba lenye upana wa mita 32, hiyo ni robo nzima iliyo gizani wakati wenzako wameshaanza kupata jua. Upande wa kaskazini na kusini madhara ni madogo: mwezi Juni ua wa kaskazini unatupa kivuli kidogo ndani, Desemba ni zamu ya ule wa kusini, na vyote si vya kukunyima usingizi.

Sasa chukua kivuli hicho cha asubuhi ukiweke kwenye Juni na Julai yetu, ile baridi ya ukungu na umande. Majani ya nyanya na viazi yanabaki na maji mpaka saa nne, saa tano. Hewa haipiti kwa sababu umejenga ukuta. Hapo umeiandalia baka jani chelewa kitanda na shuka. Halafu unanipigia simu kuuliza dawa ya ukungu ipi ina nguvu.

Wengine wananiambia, lakini bwana shamba, saipresi inazuia upepo. Inazuia, ila si vizuri kama unavyodhani. Kizuizi kizuri cha upepo ni kile kinachopitisha karibu nusu ya upepo na kuupunguza kasi. Hicho kinaweza kulinda mazao mpaka umbali wa kama mara 10 ya urefu wake. Ukuta uliobana kabisa unaurusha upepo juu, halafu unaanguka kwa nyuma ukizunguka. Kama umewahi kuona nailoni ya kitalu nyumba imechanika upande usioelekea upepo ukashangaa, inawezekana ndiyo hiyo.

Hayo yote ni ya ua ulio hai na wenye afya. Sasa tuje kwenye ule unaokufa, maana vijana wengi mlikuwa hamjazaliwa jambo hili lilipotokea, na wauza miche hawawaambii.

Mwaka 1986 iligunduliwa Malawi aina ya kidukari wa saipresi ambaye hakuwahi kuwepo Afrika yetu hii. Ni mdogo, wa kahawia, anakaa kwa makundi kwenye vitawi vya ndani ambako huwezi kumwona ukipita. Kufikia 1990 alikuwa ameshaingia Kenya, na njiani alipita kwetu. Anafyonza utomvu na mate yake yanaua tawi, kwa hiyo mti unakauka kuanzia ndani kwenda nje. Mwenye ua anaona weusi kama masizi kwenye majani, anaona sisimizi wanapanda na kushuka, anadhani ni vumbi. Akija kuona rangi ya kahawia kwa nje, ndani kumeshakufa zamani. Nyua zilikauka, mashamba ya miti ya serikali yaliumia, na kule Malawi hata ule mti wao wa mlima Mulanje, ambao ndio mti wa taifa, ulishambuliwa. Mtarakwa wetu wa asili nao haukusalimika kabisa, kwa kuwa ni ukoo mmoja.

Baadaye wataalamu walileta nyigu mdogo sana anayetaga mayai ndani ya kidukari huyo, akaachiwa Malawi na nchi nyingine za ukanda huu miaka ya 1990. Hali ikatulia. Kutulia si kuisha. Mdudu bado yupo, na kiangazi kirefu kikija mti ukawa na kiu, anarudi. Kwenye msitu mti mmoja ukifa una mwingine pembeni yake. Kwenye ua, mti mmoja ukifa umepata dirisha, na miti 170 ya aina moja, ya umri mmoja, imegusana matawi, ni barabara ya lami kwa mdudu.

Utapiga dawa? Fikiria vizuri. Unapuliza kiuatilifu juu ya ua wa mita 4, upepo unakipeleka kwenye hoho zako zilizobakiza siku tatu kuvunwa. Kama unauza kwa mnunuzi anayepima mabaki ya viuatilifu, umeharibu jina lako kwa ajili ya mti usioliwa.

Na kuna jambo la mkasi ambalo karibu kila mtu analikosea. Saipresi haichipui kwenye mti mkavu. Michongoma ya kawaida ukiikata hadi kisiki inatoa machipukizi mapya. Saipresi ukikata ukapita sehemu ya kijani, ukafika kwenye tawi la kahawia lisilo na majani, pale hapaoti tena milele. Kwa hiyo ua uliouacha miaka mitatu ukanenepa, huwezi kuurudisha kuwa mwembamba. Una njia mbili tu, ubaki nao hivyo au uung'oe. Nimeshaona fundi bustani anaitwa "ausafishe" ua, anaukata kwa bidii kweli, anaondoka na hela yake, na ule upande unabaki mbavu tupu mpaka leo.

Huu si ugomvi wetu peke yetu. Uingereza wana mti unaoitwa Leylandii, chotara wa saipresi aliyepatikana Wales mwaka 1888, anayeweza kuongezeka karibu mita 1 kwa mwaka. Watu waliupanda kwa sababu hizihizi, faragha na haraka. Majirani wakagombana mpaka Bunge likaingilia: sheria ya mwaka 2003, ya England na Wales, inamruhusu mtu kulalamika halmashauri kama ua wa jirani wa kijani mwaka mzima umepita mita 2 na unamkosesha mwanga. Sisi kesi kama hizo zinaishia kwa mjumbe au kwa mtendaji wa kijiji, na ninawahakikishia zipo. Mzizi haujui bikoni iko wapi. Jirani yako naye ana migomba yake upande wa pili, naye ni kijana anayetafuta maisha kama wewe.

Hoja ya mbao nitaipitia haraka: mti unaokatwakatwa kuwa ua hautoi mbao. Mbao inataka mti ulionyooka, uliopewa nafasi, kwa miaka 20 na zaidi. Chagua kimoja.

Basi upande nini? Kwanza jiulize unamficha nani na upande gani. Mara nyingi macho yanatoka upande mmoja, ule wa barabara. Pande tatu nyingine ni jirani ambaye anakijua kila kilicho ndani kwako hata ukijenga ngome. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuzungusha kitu kimoja pande zote nne.

Upande wa barabara, mimi ningesimamisha nguzo na waya na kupandisha pasheni. Ndani ya mwaka mmoja una pazia na una matunda ya kuuza, na mizizi yake haikufuati mpaka katikati ya shamba. Kama shida yako ni wizi na wala si macho, tafuta ile michongoma ya miiba mirefu yenye matunda ya njano, ipo kwenye nyua nyingi za zamani hapa Arusha. Inachelewa, lakini mbuzi hapiti wala mtu.

Kwa mwenye ng'ombe wa maziwa, na Meru ni wengi, nampigia debe kaliandra. Kilo 3 za majani yake mabichi zinaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Hesabu inayotumika ni miti kama 500 kwa ng'ombe mmoja kwa mwaka. Ukipanda kila nusu mita ni urefu wa mita 250. Mzunguko wako wa mita 127 ukipandwa mistari miwili unafika hapo hapo. Na hiyo mistari miwili ina faida nyingine: unakata mmoja leo, mwingine unabaki umesimama kukuficha, baada ya miezi miwili mitatu unabadilisha. Haitakuwa ukuta ulionyooka kama wa hoteli, nakubali. Lakini kila ukikata umepata lishe, wakati kila ukikata saipresi umepata takataka zinazowaka moto vibaya zikikauka.

Upande unaotoka upepo, mvinje uliopandwa kwa kuachana unafaa. Watu wanauchanganya na misonobari kwa sababu majani yake ni kama nywele, lakini si wa jamii hiyo, na mizizi yake inashirikiana na bakteria kuvuta naitrojeni kutoka hewani. Na mpakani na jirani, kuna ubaya gani kurudi kwenye masale? Wazee wetu wa Meru na majirani zetu Wachaga walijua walichokuwa wanafanya. Yanavumilia kivuli cha migomba, yanachukua nafasi ndogo, na hakuna anayebishana na masale.

Mliokwisha panda na saipresi ina mwaka au miwili, msikimbilie shoka. Ikatieni mita 2, si zaidi, na pande zote zikatwe mara kwa mara mkiacha kijani, chini kuwe kupana kuliko juu ili matawi ya chini yapate mwanga. Chimbeni mfereji wa kukata mizizi, mita 1 kutoka kwenye ua, kina cha sentimita 60, na mrudie kila mwaka kabla ya masika. Tawi likikauka fungueni ndani mwangalie, msisubiri. Na kama mnaondoa, anzeni na upande wa mashariki.

Sasa yule wa Njiro. Yeye anataka faragha, hana mazao, na hela anayo. Huyu ndiye mteja wa vijana wenye vitalu vya miche, na hapa naona biashara ambayo watu wameiachia. Muuzieni podo. Ni mti wetu wa milimani, kijani mwaka mzima, unavumilia mkasi na kivuli, na si wa ukoo wa saipresi kwa hiyo yule kidukari hamshambulii. Unakua taratibu, na hilo mwambieni mteja wazi kabla hajalipa. Anayetaka ukuta ndani ya mwaka ajenge wa tofali. Tatizo ni miche yenyewe: mbegu ya podo ina ganda gumu na huchelewa kuota, ndiyo maana vitalu vingi haviigusi. Ukiligonga taratibu ganda lipasuke bila kuumiza kiini, unaokoa muda mwingi. Mche uliofika kimo cha goti una bei nzuri kuliko saipresi kumi za kwenye kiriba, na kwa sasa ukizunguka kuutafuta kuanzia Sakina mpaka Tengeru utachoka.